Bafu la kiti mwendo: sakafu inateleza, tundu linanuka, viungo vinatoa unga mweupe. Nianzie wapi?

MtotoWaKijenge

Habari za leo wanajukwaa. Naomba msaada kwa wanaolijua bafu lisilo na kizingiti, lile ambalo kiti mwendo kinaingia moja kwa moja na sakafu yote inalowa.

Bafu lipo Kijenge, Arusha, mita 2 kwa 1.8. Sakafuni ni tailizi za 30 kwa 30 zenye vijipele, ukutani tailizi laini mpaka mita 2, juu yake rangi, dari ni jipsamu. Tundu la maji ni moja, kona ya mbali na mlango. Choo cha kukaa kimo humo humo. Kuna vyuma viwili vya kushikilia, kiti cha kuogea cha kukunja kilichofungwa ukutani, na shawa ya umeme inayochemsha maji yenyewe. Anayeogea ni bi mkubwa: hana hisia kuanzia kiunoni kwenda chini na anatumia mpira wa mkojo. Anayesafisha ni dada wa kazi.

Matatizo ni haya. Sakafu inateleza hata ikitoka kudekiwa. Karibu na tundu viungo vya tailizi vinatoa unga mweupe. Ukifutwa unarudi baada ya siku tatu nne. Silikoni imeota weusi. Kuna harufu ya mkojo, na nyingine ya shimo ambayo inazidi asubuhi. Vyuma navyo vina madoa ya kahawia wakati niliuziwa kama stenlesi.

Tunamwaga jiki kila siku, na mara moja kwa wiki dawa ya choo sakafu nzima. Fundi kanishauri asidi ya betri. Nianzie wapi?

Sakina_Kwetu

Fundi wako kasema kweli mkuu. Asidi nusu lita kwenye ndoo, mwaga, subiri kidogo, suuza. Tailizi zinarudi mpya.

DekiSafi

Mkuu wa Kijenge, hilo la asidi usilifanye, na dawa ya choo sakafuni acha kuanzia leo.

Asidi ya betri ni tindikali ya salfa. Tailizi yenyewe inaivumilia, lakini grauti, ile inayojaza viungo vya tailizi, ni saruji, na saruji na tindikali hazipikiki chungu kimoja. Ule upya unaousifia Sakina ni ngozi ya juu ya grauti iliyoliwa. Rudia mara tatu nne, viungo vinakuwa mitaro, na maji yanapata njia ya kwenda chini. Kwenye nyumba za zamani zenye sakafu ya terazo ni balaa zaidi, maana zile kokoto mara nyingi ni mawe ya chokaa, zinaliwa pamoja na saruji. Nyingi ya dawa za choo nazo zina tindikali. Zimetengenezwa kwa ajili ya bakuli la choo basi.

Halafu mna jiki humo humo. Jiki ikikutana na tindikali yoyote, iwe ya betri, ya dawa ya choo au hata siki, inatoa gesi ya klorini. Bafu la mita 2 kwa 1.8 linajaa haraka, na aliyekaa kwenye kile kiti hawezi kutoka mbio.

Tuje kwenye utelezi. Subiri sakafu ikauke kabisa, kisha kwangua kwa ukucha kati ya vijipele viwili. Ukucha ukitoka na utando wa kijivu, laini kama nta ya mshumaa, hiyo ni sabuni ya kipande iliyochanganyika na mafuta ya ngozi. Kama anapakwa mafuta ya nazi au ya mgando akiwa bado bafuni, utando unakuwa maradufu. Jiki haiondoi mafuta, hata ukimwaga galoni. Inaua vijidudu vya juu tu, tena nguvu yake inaishia kwenye uchafu kabla haijafika chini.

Kinachoondoa mafuta ni maji ya moto na sabuni ya maji ya vyombo. Maji lita 5, moto ambao mkono wenye glovu unauvumilia, sabuni vijiko viwili vya chakula. Mwagia sakafu yote, acha dakika 10 bila kuruhusu ikauke, kisha sugua kwa brashi ngumu ya mpini mrefu. Sugua kwenda na kurudi, halafu geuka usugue kukata ule mstari wa kwanza, kwa sababu vijipele vina upande wa nyuma ambao brashi ya mwelekeo mmoja haiufikii. Vuta maji machafu yote kwenye tundu kwa mpira wa kusukumia maji, ndipo usuuze kwa maji safi ndoo mbili za lita 10. Ndoo ya pili ndiyo watu wanaibania, na sabuni iliyobaki ndiyo utelezi wa kesho yake.

Kwa utando wa miezi, fanya hivyo siku tatu mfululizo. Baada ya hapo mara moja kwa wiki inatosha, ila kila baada ya kuoga sakafu imwagiwe maji safi na kuvutwa kwa mpira, kuanzia mlangoni kuelekea kwenye tundu. Ni kazi ya dakika tatu. Dekio la nyuzi liache sebuleni, linarudisha sabuni lililoifuta. Na ukiwa mgao wa maji umebana, maji ya kusuuzia nguo yafaa kusafishia bakuli la choo. Usiyatumie kwenye suuza ya mwisho ya sakafu, yana sabuni.

Weupe uko wa aina tatu, usichanganye:

Ukipita kitambaa kibichi ukatoka hapo hapo, ni chumvi ya maji yaliyokauka juu. Maji mengi ya kuzunguka Mlima Meru yana asili ya magadi, kwa hiyo yakikauka yanaacha ukungu. Dawa yake ni kutoyaacha yakaukie pale.

Ukiwa mgumu kama ganda, hasa kwenye matundu ya shawa na shingo ya bomba, ni chokaa. Kichwa cha shawa kinachofunguka kifungue ukiloweke kwenye siki saa moja, usugue kwa mswaki mkuukuu. Siki iishie kwenye chombo, isimwagikie viungo.

Wako ni wa tatu: unga unaotoka kwenye kiungo chenyewe, unafuta, unarudi. Huo hauji na maji ya kuogea. Maji yamepita chini ya tailizi, yanayeyusha chumvi za saruji na kupanda nazo yanapokauka. Hapo hakuna cha kusafisha. Wasubiri mafundi waliomo humu, watakuambia.

Bomba_Rau

Nipo Moshi, hizi ndizo kazi zangu. DekiSafi kamaliza upande wa sabuni, mimi niongeze upande wa fundi.

Unga wa karibu na tundu una sababu mbili kuu: viungo vimechoka, au maji yanatuama. Mara nyingi ni vyote viwili, kimoja kimezaa kingine. Fanya vipimo hivi kabla hujamlipa mtu.

Cha kwanza, mwaga lita 5 za maji mlangoni taratibu, subiri dakika 15, kisha zungushia chaki kila penye dimbwi. Chovya sarafu imelala. Ikifunikwa kabisa, hapo sakafu imebonyea. Ikibaki inaonekana ni unyevu wa kawaida, mpira unautosha.

Cha pili, mteremko. Chukua ubao ulionyooka wa mita 1, uelekeze kwenye tundu, weka pima maji juu, inua ncha ya upande wa tundu mpaka povu likae katikati, kisha pima pengo lililopo chini ya ncha hiyo. Linatakiwa kuwa kati ya sentimita 1.25 na 2. Pungufu ya hapo maji yanasinzia. Likifika 2.5 maji yatakimbia vizuri, lakini kiti nacho kitakimbia. Kiti cha kuogea chenye magurudumu kwenye mteremko wa namna hiyo hakiaminiki hata breki ikiwa imefungwa.

Cha tatu, gonga kila tailizi kwa kitako cha bisibisi. Iliyoshika inatoa mlio mfupi, mzito. Iliyoachia inalia kama debe tupu. Gurudumu la mbele la kiti mwendo ni dogo na uzito unaolifikia unabana sehemu ndogo, kwa hiyo tailizi yenye uwazi chini inaanza kucheza, kiungo kinapasuka, maji yanaingia. Kwenye bafu la kawaida ingeweza kukaa miaka bila mtu kujua. Hapa haikai.

Cha nne, harufu. Inua wavu wa tundu umulike na tochi. Unatakiwa kuona maji yaliyotulia, kina chake kama sentimita 5. Hayo maji ndiyo mlango wa kuzuia hewa ya shimo na mende. Usipoyaona kuna mambo matatu: kikombe cha kuzuia harufu kimeng'olewa na mtu aliyekuwa anazibua nywele na hakukirudisha (hili ndilo kubwa kuliko yote), au bomba lilipelekwa moja kwa moja bila pindo, au maji yanafyonzwa. Kujua kama yanafyonzwa, mwaga lita 2 kwenye tundu, nenda uflashi choo huku sikio lipo kwenye wavu. Likikoroma, choo na tundu vimeunganishwa bomba moja lisilo na bomba la kupumulia, na kila mkiflashi choo kinavuta yale maji. Tiba yake ni bomba la hewa la kupanda juu ya paa. Mpaka litakapowekwa, mimina lita 2 kwenye tundu kila usiku watu wakishamaliza kwenda chooni. Ukiona harufu ya asubuhi imeisha kwa kufanya hivyo tu, umeshampata mchawi.

Kikombe kioshwe kila wiki kwa sabuni na mswaki, nywele zitupwe kwenye taka. Msimwage maji yanayotokota humo, mabomba ya plastiki yanalegea na viungo vinaachia. Moto wa kuoshea vyombo unatosha.

Jambo moja ambalo wengi wenye bafu lisilo na kizingiti hawalifikirii: masika. Shimo likijaa mwezi wa nne, maji yanarudi kupitia tundu lililo chini kuliko yote ndani ya nyumba, yaani hilo hilo. Bafu la kawaida lina kizingiti cha kuyazuia kidogo. Lako litayapeleka chumbani. Fungua chemba mwezi wa pili, angalia kiwango, shimo lifyonzwe mapema. Kama nyumba imekaa bondeni, funga valvu ya kuzuia maji kurudi kwenye bomba linalotoka nje.

Leta majibu ya vipimo tuendelee.

Sakina_Kwetu

Nimeelewa, nafuta kauli ya asidi. Ila kwenye sementi yenye rangi nyekundu tunapaka polishi, je bafuni inafaa?

Bomba_Rau

Hapana. Polishi ni nta. Nta na maji ni barafu.

NesiNyumbani

Niwape pole na hongera kwa kumjali bi mkubwa. Nitasemea vitu ambavyo mafundi hawaviangalii: ngozi na mkojo.

Mtu asiye na hisia hatakuambia kiti kinamuunguza. Jiki iliyokaukia kwenye kiti cha kuogea inalowanishwa upya na maji ya kuoga, anakaa juu yake dakika 20, na kesho yake unakuta ngozi ya makalio imekuwa nyekundu au imechubuka. Kidonda kinachoanza hivyo kinaweza kuchukua miezi kupona. Kwa hiyo kiti kioshwe kwa sabuni, kisuuzwe mara mbili, na kiwe kimekauka kabla hajakalia. Jiki kwenye kiti si ya kila siku. Mara mbili kwa wiki inatosha, au pale kilipochafuka kwa choo.

Kipimo: soma lebo. Kama ni ya 3.5%, weka mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula, kwenye lita 1 ya maji ya baridi. Paka, subiri dakika 10, suuza. Changanya ya siku hiyo hiyo tu, ikilala inapoteza nguvu. Chupa ikae mbali na jua, na isihamishiwe kwenye chupa ya maji ya kunywa hata kwa dakika moja.

Kuhusu mkojo: usimwage jiki juu ya mkojo. Mkojo uliokaa una amonia, na jiki ikikutana na amonia inatoa hewa inayochoma macho na kifua. Nadhani ile harufu kali ambayo watu huiita "jiki imeshika" mara nyingi ni hiyo. Mpangilio ni maji kwanza, sabuni ya pili, suuza, ndipo jiki kama kuna haja. Mfuko wa mkojo umwagwe kwenye choo, si kwenye tundu la sakafuni. Tundu la sakafuni halina maji mengi ya kuusukuma, unabaki kwenye kikombe na kwenye shingo ya bomba, na ndiyo harufu isiyosikia dawa. Angalia pia chini ya kiti cha kukunja, kwenye bawaba, na nyuma ya bakuli la choo pale linapokutana na sakafu. Mswaki uingie huko. Doa gumu la njano ndani ya bakuli, hapo dawa yenu ya choo ina kazi yake halali. Flashi mara mbili kabla jiki haijasogea.

Pitisha kiganja kwenye kingo zote za kiti kila mwezi. Ufa mdogo wa plastiki unabana ngozi. Kama kina sponji, mshono ukifunguka maji yanaingia na hayatoki, kibadilishwe, msikishone. Mto wa kiti mwendo cha kila siku usiingie bafuni kabisa, na kiti chenyewe kikilowa kifutwe hapo hapo kwenye beringi na ekseli. Kikianza kuwa kigumu kusukuma, TATCOT, chuo kilichopo hospitali ya KCMC Moshi, ndipo wanapofundishwa mafundi wa viungo bandia na viti mwendo, ni pa kuulizia. Anayetumia magongo, mpira wa chini ukiwa umelika mpaka mistari haionekani, unateleza hata kwenye sakafu safi.

Maji ya moto sasa. Shawa za umeme za kwetu, mtu akifungua bomba jikoni maji yanapungua na yaliyobaki yanapanda joto ghafla. Anayemwogesha ashike kichwa cha shawa yeye, kidole kikiwa ndani ya maji muda wote, aanze na mabega ya bi mkubwa ambako hisia ipo, ndipo ashuke miguuni. Aseme jikoni bomba lisiguswe.

DekiSafi

Nilisahau vyuma na silikoni.

Stenlesi inaota madoa ya kahawia kwa mambo mawili, na yote naamini yapo hapo: jiki iliyokaukia juu yake, na stilwaya. Stilwaya ni chuma cha kawaida, inaacha chembe ambazo zinaota kutu juu ya stenlesi. Osha kwa sabuni na sponji laini, doa likibaki sugua kwa siki kwenye kitambaa kuelekea upande wa mistari ya chuma, suuza, kausha kwa kitambaa. Siku hiyo jiki isiguswe. Doa likirudi lile lile kwenye vishimo vidogo baada ya wiki mbili, huenda uliuziwa chuma kilichopakwa tu, na hapo shida imetoka kwenye urembo ikaingia kwenye usalama.

Silikoni: kata tishu vipande virefu, vilowanishe kwa jiki (kipimo kimoja kwa vinne vya maji), vilaze juu ya weusi saa moja, dirisha wazi, mtu asiingie. Toa, suuza. Weusi wa juu utaondoka. Uliobaki umeota ndani ya silikoni, hautoki kwa dawa yoyote. Kata kwa wembe wa kisu cha karatasi, toa yote, futa kwa spiriti, acha siku nzima ikauke. Bandika selotepu ya karatasi ya mafundi rangi pande zote mbili, jaza silikoni ya bafuni yenye kinga ya ukungu, lainisha kwa kidole kilichochovywa maji ya sabuni, vua selotepu ingali mbichi. Saa 24 bila maji.

Na msimu huu wa baridi, mwezi wa sita mpaka wa nane, watu wa Arusha tunafunga luva tangu saa kumi na mbili jioni. Mvuke wote unapanda kwenye jipsamu. Baada ya kuoga fungueni luva nusu saa na mlango wa chumbani ufungwe, la sivyo mnahamishia unyevu kitandani.

Stima_Moshono

Fupi tu. Shawa ya umeme iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye meinswichi, waya wa 6 mm kwa kilowati 5.5 kwenda juu, wenye athi, na ipite kwenye kifaa kinachokata umeme kikihisi mvujo wa miliampia 30. Kifaa hicho kina kitufe cha kujaribia. Kibonyezwe kila mwezi, umeme ukate papo hapo. Usipokata, shawa isitumike mpaka kibadilishwe. Kabla ya kuisafisha zima kwenye breka, si swichi ya ukutani pekee, na usiirushie maji. Mtu akisema "bomba linanitekenya", zima umeme wa nyumba, ita fundi siku hiyo hiyo. Kiti cha chuma, sakafu ya maji na mtu asiye na hisia miguuni: atachelewa kujua.

MtotoWaKijenge

Asanteni sana wakuu, na dada NesiNyumbani kwa lile la ngozi, hatukulijua kabisa. Utando wa kijivu upo, umejaa ukucha.

Majibu ya vipimo: madimbwi mawili. Moja mbele ya choo, upana kama sentimita 40, sarafu inafunikwa. Jingine dogo, sarafu inaonekana. Pengo la pima maji ni sentimita 1.5 sehemu kubwa, ila mbele ya choo ni 0.5. Tailizi nne zinalia debe, zote zipo kwenye njia ya kiti kati ya choo na tundu. Kikombe hakimo, naona bomba tupu. Choo kikiflashiwa hakikoromi chochote. Chuma cha karibu na choo kinacheza kidogo nikikivuta.

Bomba_Rau

Vizuri, sakafu yako haihitaji kuvunjwa yote. Anza na chuma, maana hicho kikiachia leo hutahitaji ushauri wa grauti. Asikishike tena mpaka kitengenezwe. Kama ukuta ni bloku zenye matundu, skrubu zimeshika plasta na ganda la bloku tu. Toa chuma, toboa, jaza tundu la bloku zege laini, subiri siku saba, ndipo ufunge bolti za mm 10. Kama upande wa pili wa ukuta unafikika, ni bora zaidi bolti ipenye mpaka huko na ibanwe na bamba la chuma. Zungushia silikoni kwenye kitako ili maji yasifuate bolti. Kukijaribu, mtu mzima ajining'inize polepole, uzito wake wote, siku ya kwanza na kila mwezi baada ya hapo.

Kikombe nunua leo. Pima kipenyo cha ndani cha tundu kabla hujaenda dukani, maana vya inchi 2 na inchi 4 vinafanana kwenye picha. Kikikaa vizuri, jaza maji, usikilizie asubuhi. Kisha rudia kipimo cha kuflashi, maana bomba tupu lisingekoroma hata kama maji yanafyonzwa. Lisipokoroma, sitarajii kama utahitaji bomba la hewa.

Tailizi: toa zile nne, na mbili za mbele ya choo kwenye dimbwi hata kama zimeshika, ndipo upate nafasi ya kurekebisha mteremko. Ukikuta mchanga umelowa chini, usibandike siku hiyo. Acha wazi siku tatu mpaka wiki, feni ikiwaka, mpaka pawe na rangi moja ya kijivu kikavu. Paka dawa ya kuzuia maji mikono miwili, wa pili ukipishana na wa kwanza, na uingie sentimita chache juu ya ile ya zamani. Gundi ya tailizi ipakwe sakafuni na mgongoni mwa tailizi pia, isiwe madonge matano. Hayo madonge ndiyo yanayoacha uwazi, na uwazi ndio uliokufikisha hapa. Simama na ubao wa mita 1 mpaka pengo la mbele ya choo lisome angalau sentimita 1.25.

Grauti: kwangua viungo vyote vya sakafu angalau mm 3 kwenda chini, fyonza vumbi, lowanisha kidogo bila kutuamisha maji. Changanya kidogo kidogo, iache dakika 5 mpaka 10, koroga tena bila kuongeza maji, kandamiza kwa mpira ukikata kiungo mshazari. Futa baada ya dakika 15 hadi 20 kwa sponji iliyokamuliwa sana. Sponji ya kuchuruzika inaosha saruji na kuacha rangi ya madoa. Pale sakafu inapokutana na ukuta usiweke grauti. Pale panacheza, weka silikoni.

Saa 24 maji yasiguse, siku tatu magurudumu yasipite kwenye tailizi mpya. Bi mkubwa aogee kwa beseni chumbani siku hizo, na mlango wa bafu uwekwe kiti cha kuuzuia, maana dada wa kazi kesho saa kumi na mbili asubuhi atakuja na ndoo yake kwa mazoea.